Shida ya jicho ya ghafla: uulize simu au ukimbie kwa daktari?

Akili bandia ya kwenye simu kwa kweli inasaidia hapo mwanzo, tuseme uko Likoni saa nane usiku chokaa imekurukia jichoni, ukiiuliza itakwambia osha na maji mengi safi dakika 15 hadi 30 ndo uende hosi, na hiyo ni sawa kabisa, usingoje kwanza uvuke feri. Lakini jicho jekundu, linauma vibaya, unatapika na taa unaziona na duara za rangi? Hapo huenda presha ya ndani ya jicho imepanda ghafla, na simu haiwezi kuipima, daktari ana mashine. Hata ile programu ya akili bandia IDx-DR iliyopitishwa Marekani 2018 inasoma picha za retina (utando wa nyuma ya jicho) kutafuta madhara ya kisukari, si dharura. Ukiona kama pazia jeusi linashuka jichoni achana na simu, shika tuktuk saa hiyohiyo.