Springi ya nyuma ya Ford Model A: mabamba au koili?

Ford Model A, gari la 1928 hadi 1931, nyuma lina springi moja tu ya mabamba, imelazwa kimkingamo juu ya ekseli. Huko Marekani, Ford waliendelea na mtindo huo kwenye magari ya abiria hadi modeli za 1948. Kwa hotirodi (gari la zamani lililoboreshwa liende kasi) iliyobaki na difu lake la asili, mimi nasema usiiguse: inabeba uzito, inazuia bodi isiyumbe pembeni, na huchomelei kitu kwenye chesisi.

Tabu ni kuitoa. Imevutwa kwa nguvu nyingi, na ukifungua pini za pembeni bila kuishikilia kwa kifaa maalumu cha kuitanua, inafyatuka kama mtego. Vidole vinaondoka. Usibahatishe na jeki. Ikishatoka, tenganisha mabamba, sugua kutu, lainisha pale ncha zilipochimba bamba la jirani, paka grisi. Mara nyingi ule ugumu uliodhani ni uzee wa springi ni kutu tu. Ukitaka gari likae chini, weka bamba kuu ambalo macho yake, yaani matundu ya kwenye ncha, yamegeuzwa.

Koili zilizovikwa kwenye shokapu unazipandisha au kuzishusha kwa kuzungusha nati, raha kweli. Ila zenyewe haziishikilii ekseli: utahitaji fito za kuizuia mbele na nyuma, na kwa kawaida fito ya Panhard, inayoizuia isihame kwenda pembeni. Ukizilaza sana, zinakuwa laini kupita ulivyokusudia. Kwa injini ya V8 ya kisasa na propela shafti iliyo wazi, isiyo ndani ya bomba kama ile ya asili, ningechagua hizi.