Max II ya miaka ya 70, lile gari la tairi sita linaloelea: uzoefu wangu baada ya kulifufua

Nianze na bei maana najua ndo swali la kwanza. Nililinunua dola 900, nikaja kutumia kama dola 1,700 nyingine kulifufua, na hapo kazi yangu mwenyewe sijaihesabu, ningeihesabu mama Neema angeshanifukuza. Mi sio fundi wa kusomea, nimekulia Mwanza nikishinda gereji ya mjomba, kushika tochi na kutumwa spea, basi. Saa hizi nipo Buffalo, New York, na hili gari limetengenezwa hapa hapa Buffalo na kampuni inaitwa Recreatives Industries, kwa iyo nilivyoliona linauzwa kwenye banda la mkulima mmoja nje ya mji niliona kama linarudi kwao.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: chukua beseni kubwa la plastiki, lifunge tairi sita nene, watu wawili wakae ndani, ndo hilo. Halina usukani, kuna fimbo mbili. Ukivuta ya kulia upande wa kulia unakamatwa breki na wa kushoto unaendelea, gari linageuka kama kifaru cha jeshi, ukivuta zote mbili linasimama. Springi hakuna kabisa, tairi ndo springi, na upepo wake ni mdogo sana, kama psi 2 hivi, ukizijaza kama tairi za gari utarushwa mpaka meno yagongane. Kwenye maji halina pangaboi, tairi zenyewe ndo zinapiga kasia.

Muuzaji aliniambia "linawaka, linataka usafi kidogo tu." Sawa. Nilivyofungua nikakuta kiota cha panya juu ya injini na chini ya beseni maji meusi yenye oili yaliyokaa humo sijui miaka mingapi.

Injini sitaongea sana kwa sababu haikunisumbua. Ile ya asili ilishatolewa zamani, mtu akafunga Briggs & Stratton ya silinda mbili. Petroli ya huku inachanganywa na ethanoli, ikikaa kwenye tangi muda mrefu inavuta maji na inaacha utomvu kwenye kabureta, kwa iyo nilifungua kabureta, nikazibua jeti, nikabadilisha plagi, mpira wa mafuta, filta na mkanda wa klachi uliokuwa na nyufa. Wikiendi moja, ikawaka. Nikajisifia, nikapiga picha nikatuma kwa mjomba. Mjomba akajibu neno moja tu, "Imetembea?"

Haikutembea. Yaani ilitembea, ila ilikuwa inakata kushoto tu, kulia inagoma, nikawa nazunguka kwenye nyasi kama punda wa kinu. Giaboksi yake inaitwa T-20, ya Borg-Warner, ndo hiyo hiyo iliyofungwa kwenye magari mengi ya aina hii enzi hizo, hata Attex za kule Ravenna, Ohio. Nikawaza imekufa, maana hiyo ikifa ndo bajeti imeisha. Kumbe ndani kuna bendi zinazobana ngoma, zikilegea fimbo unavuta mpaka kwenye kiuno na hakuna kinachokamata. Nikamwaga oili (ilikuwa nyeusi na inanuka kama mkaa), nikaweka mpya, nikakaza nati za kurekebisha nusu mzunguko, najaribu, narudi, nusu tena, jioni likakubali kukata kulia. Hii T-20 naipa maksi zote, imekaa kwenye uchafu ule wote na bado inafanya kazi.

Sasa beringi. Hapa ndo nataka mnisikilize wote mnaotaka kununua haya magari. Kila mtu akienda kuangalia anataka kusikia injini ikiwaka, muuzaji anajua, anaiwasha, mnashikana mikono. Acha injini. Piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise, halafu lizungushe taratibu huku umeweka mkono kwenye bodi. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga kwenye meno, hesabu pesa. Ekseli ziko sita, kila moja ina beringi ya ndani na ya nje, zote zinapita usawa wa maji, na cheni za kuzungusha ekseli zimejipanga humo humo ndani. Mtu anaingia bwawani, anatoka, anapaki, hapaki grisi, miaka ishirini. Zangu kumi na mbili, nzima zilikuwa mbili.

Na kuzitoa sio kama gari la kawaida, huwezi kupasha moto. Kwenye gereji ya mjomba beringi ikigoma unaleta gesi, hapa sentimita tano pembeni ni plastiki na juu yake ni tangi la petroli. Kwa iyo ni mafuta ya kulegeza kutu, kusubiri, nyundo kidogo, kusubiri tena. Ekseli ya nyuma kushoto peke yake ilinila wikiendi tatu. Ilivyotoka ilitoka na mlio kama kizibo cha soda halafu nikaona pale beringi ilipokaa chuma kimelika mfereji, ukipitisha ukucha unanasa.

Nikaipeleka karakana moja ya kuchonga vyuma ijazwe na kuchongwa upya. Jina silitaji. Walisema wiki, ikakaa wiki sita, ikarudi imechongwa nyembamba, beringi inaingia kwa kidole bila hata kugonga. Nikalipa mara ya pili sehemu nyingine. Beringi zenyewe lakini wala hazisumbui kupata, usiangaike kutafuta "za Max", soma namba iliyogongwa ubavuni, nenda duka la beringi na vifaa vya mashamba, nyingi ni saizi za kawaida tu. Cheni vile vile.

Aliyenifundisha mambo ya grisi ni jirani yangu, mzee wa Uvira, tunamwita Papa, amefanya kazi kwenye maboti ya Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza alisimama uani akaangalia akauliza, "Iko motokari ao iko mtumbwi?" Nikamwambia vyote, Papa. Akacheka, akavua koti. Yeye ndo alinambia kila ukitoka majini usingoje kesho, pampu grisi pale pale, kwanza yatatoka maji, halafu uji mweupe, endelea mpaka itoke grisi safi ndo uache.

Bodi ilikuwa na ufa mbele, mrefu kama kiganja. Kabla ya kununua gundi yoyote jua plastiki yako ni ipi. Weka tone la asetoni sehemu iliyojificha, ikilainika na kunata ni ABS, isipofanya kitu yawezekana ni polietilini na hiyo gundi haishiki, ni kuchomelea tu kwa kifaa cha joto. Yangu ikanata. ABS unaitengenezea uji wake, vipande vya ABS ndani ya asetoni usiku mmoja, asubuhi unapaka kwa ndani pamoja na kitambaa cha faiba. Vipande nilitoa wapi? Lego za mtoto, zile nyeusi, Lego ni ABS. Hajanisamehe mpaka leo.

Siku ya kulishusha majini tulienda kwenye bwawa la rafiki, boya tumevaa, Papa amekaa na mimi, kila kitu safi, dakika ya nne nasikia soksi zimelowa. Nilikuwa nimesahau kurudisha kizibo cha kumwagia maji chini ya beseni. Bahati pampu ya kutoa maji nilishaifunga, tukageuka, na kugeuka majini ni taratibu mno, upepo ukiwa mkali unakusukuma upande unaoutaka wenyewe. Spidi ya majini ni ya mtu anayetembea na hana haraka. Mto Niagara siugusi, msiniulize.

Kwenye matope na theluji lakini hili gari ni la kwake, Januari nimepita mahali pikapu ya rafiki yangu ilikuwa imekaa na tumbo. Barabarani haliruhusiwi, utahitaji trela. Kelele ni nyingi, kuongea hakuna, mnaonyeshana vidole. Nyota nalipa nne. Ningelipa tano, ila sili (mpira wa kuzuia maji) ya nyuma kushoto, ekseli ile ile, bado inaingiza maji kama kikombe kimoja kila tukielea, nimeibadilisha mara mbili, sasa nimeweka sponji pale.