Kliniki ya wajawazito wenye VVU, London: nyota 4 kati ya 5

Nilianza hapo mimba ina wiki 12, ARV natumia tayari. Wiki ya 36 wakapima wingi wa virusi: chini ya 50 kwa mililita ya damu, basi nikajifungua kawaida, bila kisu. Mtoto akapewa zidovudini, dawa ya kumkinga na VVU, ya maji kwa bomba dogo, mara mbili kwa siku, wiki 2 tu. Alikuwa akiitema mpaka shingoni, nguo zikanata.

Nyota moja nimeikata mapokezi: mhudumu alitaja hali yangu kwa sauti, watu wamejaa.

Walinishauri maziwa ya kopo. Mama mkwe akipiga simu kutoka Tanga: “Mwanangu, mbona hunyonyeshi?” Mkunga, Mungu ambariki, alinipa jibu la kumwambia bila kutaja VVU: dawa ninazotumia haziruhusu. Vipimo vya mtoto vya wiki 6 na 12 havikuonyesha virusi. Kimebaki cha mwisho, akikaribia miaka 2.