Nyumba ya mbao kando ya msitu wa Kereita: uzoefu wangu na familia

Wenzangu wa Nairobi mnaotafuta nyumba ya mbao ya kukodi wikendi, msichague kwa picha za sebule. Ulizeni kwanza mtu akitoka mlangoni kwa miguu anafika wapi, na kama kuna mwenyeji wa kumtembeza. Sisi tulikwenda Kereita, Lari, katika Kaunti ya Kiambu: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye watoto humwita shosho. Nyumba naipa alama za wastani. Msitu naupa zote.

Kufika ni rahisi. Unashika Waiyaki Way, unaipita Limuru, unaendelea na barabara kuu ya Nakuru mpaka Kimende, kisha unakata kulia kuelekea Magina. Simama Kimende ununue viazi, karoti na kabichi zikiwa bado na udongo wa shambani, kwa sababu ukishaingia huko ndani hakuna duka la maana. Kipande cha mwisho ni cha udongo, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Gari letu dogo liliteleza mpaka shosho akashuka, akasema atatembea. Mwenye gari la chini apige simu kwanza aulize hali ya barabara siku hiyo.

Nyumba yenyewe ni safi, vitanda ni vizuri na blanketi ni nzito, jambo kubwa sana mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ya moto yaliisha kabla watu wawili hawajamaliza kuoga. Kuni za mekoni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi kuliko moto. Mlinzi, kijana mwenye adabu nyingi, alipoona tunatetemeka akatuletea jiko la makaa la kuweka chumbani. Tulimshukuru tukaliacha barazani, na hapa nasema kwa uzito wote: usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mwenye nyumba anayekodisha kwa familia anapaswa kuandika onyo hilo ukutani na kuweka kuni kavu za kutosha.

Sasa nije kwenye kilichotupeleka.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alikuja kijana wa chama cha jamii cha msitu kutuongoza. Ada ya kuingia hulipwa kwa Huduma ya Misitu ya Kenya kupitia eCitizen, kwa hiyo lipa ukiwa bado na mtandao mzuri. Yeye tulimlipa pembeni, na hakuna pesa tuliyotumia vizuri zaidi safari nzima. Bila yeye tungeona miti tu. Dakika chache baada ya kuingia alitusimamisha, akanyosha kidole juu ya mtarakwa. Mbega. Familia nzima, mikia myeupe ikining'inia, na mmoja wao amekumbatia mtoto mweupe kama pamba. Alitueleza kuwa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, rangi nyeusi huja baadaye, na kwamba hana kidole gumba, tofauti na kima wengi. Binti yangu akakunja kidole gumba chake na kujaribu kushika tawi hivyo hivyo. Alifanya hivyo njia nzima.

Tulipofika penye unyevu, shosho ndiye aliyegeuka mwalimu. Aliona thabai. Watoto wa mjini wanaijua kwa kuwashwa tu, na mwanangu alikwisha kuigusa na anakaribia kulia. Shosho alivua leso, akaikunja mkononi, akachuma yale majani machanga ya juu peke yake, akaeleza kuwa yakishaingia maji ya moto hayawashi tena. Mwongoza njia akamwambia, "Shosho, wewe ungeongoza, mimi nifuate." Jioni tulikula mukimo wa thabai uliopondwa kwa viazi vya Kimende, na yule aliyewashwa ndiye aliyeomba kuongezwa.

Kereita ni ncha ya kusini ya safu ya Aberdare, na ndani yake kuna mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Nilitarajia watoto wachoke na historia. Kijana alieleza vizuri, kwamba Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka 1952 na wapiganaji wakaingia katika misitu hii na ya Mlima Kenya. Kisha akamgeukia mama mkwe kwa heshima na kumuuliza kama kwao kuna waliokuwa huku. Mama alizaliwa wakati huo wa Hali ya Hatari. Alisimulia aliyoyapata kwa mama yake: jinsi wanawake walivyobeba chakula usiku na kukiacha mahali palipokubaliwa, jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, kusudi msitu ukose wa kuulisha. Mume wangu ana miaka zaidi ya arobaini na hakuwahi kumsikia mama yake akiyasema haya. Tulikaa pale kwenye jiwe muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na kijana hakutuharakisha hata kidogo. Kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Baada ya hapo tulishuka kwenye maporomoko ya maji. Njia inateleza, vaa gambuti au viatu vyenye meno, na wazee wapewe fimbo. Maji ni baridi ya kukata pumzi. Watoto walitia miguu wakapiga kelele, basi. Nilitumia nafasi hiyo kuwaambia kwamba maji mengi ya mifereji yetu Nairobi huanzia kwenye safu hii ya Aberdare, yakakusanywa bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Mwanangu akauliza kwa nini basi mtaani kwetu yanakatika. Swali zuri, na nadhani kila mkazi wa jiji angelitazama tofauti tatizo la ukataji miti kama angesimama pale.

Kwa wanaopenda vishindo, kuna kituo cha michezo msituni chenye kamba za chuma za kuteleza angani juu ya miti, zaidi ya kilomita 2 kwa jumla. Mume wangu alikwenda, akarudi na sauti imekauka kwa kupiga kelele, anasema atarudia. Mimi sikutaka. Baiskeli pia zipo.

Jioni hakuna cha kufanya, na kwangu hiyo ni sifa. Ukungu ulishuka mapema, nyota hatukuziona. Tulichoma nyama kidogo nje, tukakoroga kachumbari, tukarudi ndani kucheza karata na chai ya tangawizi. Kasoro moja: nyumba ya jirani walifungulia muziki mpaka saa sita usiku, spika kubwa kama ya matatu. Kila mtu ana haki ya kufurahi, lakini mbega na ndege hawana pa kuhamia, na wageni wengine wamelipa kusikia msitu. Wenye nyumba waweke saa ya kunyamaza na waisimamie.

Siku ya kurudi tulipita mashamba ya chai ya Limuru. Chai ya kwanza nchini ilipandwa huko mwaka 1903, na kutembea katikati ya mistari yake asubuhi yenye jua kulimfaa shosho ambaye miguu ilikuwa bado inauma.

Nani aende? Familia yenye watoto wanaoweza kutembea saa mbili tatu, wanandoa wanaotaka utulivu, na yeyote mwenye mzazi mzee aliyekulia karibu na msitu. Nakusihi, mchukue huyo mzazi. Mwenye kuhitaji mtandao wa kufanyia kazi abaki mjini, kwani uliotangazwa kwetu ulikuwa ukija na kupotea. Mwezi wa Julai baridi ni kali na Aprili matope ni mengi. Januari na Februari ni pakavu, na plamu zinauzwa kando ya barabara.

Mwenye nyumba nimeshamwandikia kuhusu kuni, maji ya moto na kelele, na amejibu kwa upole kwamba atarekebisha. Nimemwomba na jambo la nne, ambalo kwangu ndilo la kwanza: nambari za waongoza njia wa chama cha jamii ziwe kwenye ujumbe wa kuthibitisha malipo, mgeni azipate kabla hajaondoka Nairobi. Sisi tulimpata wetu kwa bahati, kwa sababu mlinzi alikuwa binamu yake.