Gede kutoka Malindi: ziara ya magofu, msitu na vipepeo

Ukiuziwa ziara ya Gede yenye saa moja tu ya kutembea, ikatae au udai nyongeza kabla hujalipa. Magofu haya ya mji wa kale wa Waswahili, pwani ya Kenya, yako kilomita 16 hivi kutoka mjini Malindi, upande wa Watamu, na wenye kupanga ziara za ufukweni hupenda kuyabana kati ya kuogelea na chakula cha mchana. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Shangazi yangu, mzaliwa wa Lamu, alimwomba dereva kwa upole atusubiri zaidi. Akakubali, na ni huo muda wa ziada uliofanya pesa zetu zisipotee.

Mwongozaji tuliyepewa getini, kijana wa Kigiriama, hakuanzia msikitini. Alitusimamisha chini ya mbuyu. Mji huu, alisema, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na msitu mnaouona umemea juu ya nyumba za watu. Kuanzia hapo kila ukuta alitusomesha pamoja na mti wake: mbambakofi huu, mkwaju ule, na mitini ambayo mizizi yake imeteremka juu ya mawe ya matumbawe mpaka huwezi kujua kama inaubomoa ukuta au ndiyo inayoushikilia. Nimeshawahi kupita Gede na watu wanaotaja tarehe tu. Huyu alikuwa ameusoma msitu, na kwangu hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kutafuta kwa mwongozaji wa pale.

Tarehe nazo alikuwa nazo. Kuna kaburi lenye mwaka uliochongwa, 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, nalo ndilo linalosaidia kupima umri wa majengo mengine. Msikiti mkuu uko karibu na jumba la mfalme, na kisima chake kando. Nyumba zimepewa majina ya vitu alivyovikuta James Kirkman alipochimba kuanzia 1948: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Vyombo vya kauri vilitoka China, ushanga mmoja ulitoka Venisi. Mji usiokuwa hata ufukoni!

Lakini kilichonigusa zaidi hakikutoka kwa mwongozaji. Tulipoingia katika nyumba moja, shangazi alisimama akaanza kuelekeza kwa mkono: “Hapa kiwanda. Pale msana. Ndani ni kule, na choo nyuma.” Kiwanda kwao ni ua wa ndani, na msana ni ukumbi mrefu unaoutazama ua huo. Hakuna aliyemwambia. Ni mpangilio wa nyumba aliyolelewa. Yule kijana alinyamaza akamsikiliza, kisha akamwuliza, “Mama, na akiba ya chakula mlikuwa mkiiweka wapi?” Wakazungumza wao wawili kwa muda mrefu, na sisi wengine tukafaidi. Kama una mzee kutoka Lamu, Pate au Siyu, mpeleke. Njia ni tambarare, ila mizizi ni mingi, kwa hiyo avae viatu vya kushika mguu.

Kuhusu sababu ya watu kuhama, sikupewa hadithi moja ya kumeza. Tulitajiwa mashambulizi ya Wazimba, wapiganaji kutoka kusini waliofika pwani hii mwaka 1589, Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, na maji ya visima yaliyozidi kwenda chini. Mimi naegemea maji, baada ya kuchungulia kile kisima.

Kima wako wengi na wamezoea watu. Msiwape ndizi, hata mkiona wengine wanawapa. Wakishajua mkoba una chakula, hauna usalama tena. Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya rangi ya dhahabu, tulimwona akikatiza njia mara moja tu.

Kipepeo, mradi wa kufuga vipepeo ulio ndani ya eneo hilohilo, dereva alitaka tuuruke. Msikubali. Mradi ulianza 1993: wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, huuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo), na pupa hao husafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mtu anayepata ada ya shule ya watoto kutokana na msitu ana sababu ya kuulinda, na huo ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Ndani ya banda la vipepeo simama tu, usiwakimbilie. Watakuja wenyewe begani.

Ziara ya kupangiwa si lazima. Matatu za Malindi kwenda Watamu hupita njia panda ya Gede, na kutoka stejini unaweza kutembea au kupanda tuktuk. Nenda asubuhi na maji ya kunywa, ulipe mwongozaji wa palepale, na umwombe mapema akuzungushe mpaka kwenye ukuta wa nje, kwa sababu makundi mengi huishia jumbani.