Uzoefu wangu wa kupanga majalada ya kesi za ardhi kwa Zotero, Tanga

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya wakili hapa Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, na kesi nyingi tunazopokea zinahusu mashamba ya Muheza, Pangani na Korogwe. Wenyewe husema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini majalada ya ardhi yakishaingia ofisini hayaondoki, tena huzaliana. Jalada lililonisukuma kutafuta programu lilikuwa na nyaraka 612: hati za mauziano, mihtasari ya mikutano ya kijiji, risiti za ushuru wa mazao, barua za mtendaji, picha za mipaka, na karatasi nyingine ambazo mteja mwenyewe hakukumbuka amezipata wapi. Zote zililetwa katika maboksi manne yaliyofungwa kwa kamba ya katani.

Zipo programu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuandaa kesi. Iliyo maarufu ni CaseMap ya Marekani, ambayo huyaweka matukio, watu, nyaraka na hoja bishaniwa katika majedwali na kuyaunganisha, ili ukilitazama tukio uone ni waraka gani unaolithibitisha na ni hoja ipi inayoguswa. Wazo hilo nililipenda, ila ofisi yetu haikuwa na fungu la kulipia ada. Nikachukua Zotero, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason kwa ajili ya watafiti na marejeo yao, nikajaribu kuifanyisha kazi ya wakili. Nimeitumia kwa miaka mitatu sasa, na ninayoyaandika hapa yanatokana na kazi hiyo.

Jambo la kwanza lililonifaa ni kwamba waraka mmoja unaweza kukaa katika makusanyo kadhaa bila kurudufiwa. Mhtasari wa mkutano wa kijiji unaohusu ugawaji wa ardhi na wakati huohuo una saini ya shahidi wetu wa tatu ulikuwa ukinisumbua sana katika folda za kawaida, kwa sababu nilitengeneza nakala mbili, nikaandika maelezo kwenye moja na kuisahau nyingine. Katika Zotero waraka ni ule ule, nami ninauingiza katika kusanyo la hoja ya umiliki, la shahidi wa tatu, na la vielelezo tunavyokusudia kuvitoa. Juu ya hayo kuna lebo za rangi, ambazo hazizidi tisa kwa kila maktaba na hubandikwa kwa kubonyeza namba kwenye kibodi. Nyekundu kwangu ni waraka utakaopingwa, na kijani ni uliokwisha kupokelewa.

Jambo la pili ni la kiufundi, lakini kwa mtu wa sheria lina uzito mkubwa kuliko yote. Tangu toleo la 6 lililotoka mwaka 2022, programu ina kisomeo chake cha PDF, na mistari unayoipaka rangi pamoja na maoni unayoyaandika pembeni huhifadhiwa katika hifadhidata ya programu, si ndani ya faili la waraka. Maana yake ni kwamba nakala niliyoiskani inabaki safi, na siku ya kuiwasilisha mahakamani kwa njia ya kielektroniki sina haja ya kuhofia kwamba maneno yangu ya siri, kwa mfano "shahidi huyu anajikanganya," yatasafiri pamoja nayo. Vipande nilivyovipaka rangi huweza kukusanywa katika ukurasa wa maelezo, na kila kipande hubeba kiungo kinachokurudisha kwenye ukurasa ule ule wa waraka. Mzee wakili, ambaye hupenda kuuliza "liko ukurasa gani?" kabla hujamaliza kusema, alianza kuiheshimu kompyuta kwa sababu hiyo moja.

Hata hivyo, lililonifanya niendelee na programu hii halikuwa hata moja kati ya hayo mawili, bali ni uwanja wa tarehe, yaani nafasi ya kuandikia tarehe ya kila waraka. Niliamua kwamba kila waraka utaandikiwa tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kwamba usio na tarehe hautabuniwa tarehe, utaachwa wazi. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Nilipobonyeza kichwa cha safu ya tarehe, nyaraka zote zilijipanga tangu mwaka 1998, na zile zisizo na tarehe zikajikusanya pamoja upande mmoja wa orodha. Zilikuwa 41.

Katika kesi ile upande wa pili ulikuwa umeleta pingamizi kwamba mteja wetu alikwisha kutolewa shambani mwaka 2007, na kwa kuwa shauri lilifunguliwa mwaka 2021, miaka 12 ambayo Sheria ya Ukomo inaiweka kuwa muda wa mwisho wa kufungua madai ya kurejeshewa ardhi ilikuwa imepita. Sisi tulisema alitolewa mwaka 2012, lakini kusema si kuthibitisha, na mwaka wenyewe ulikuwa ukibishaniwa, kwa hiyo jambo hilo lingeamuliwa kwa ushahidi. Nikaanza kuzitoa zile nyaraka 41 kwenye maboksi, moja baada ya nyingine. Ya kumi na tisa ilikuwa barua ya mteja akiomba kibali cha kusafirisha machungwa kutoka katika shamba hilohilo. Katika skani ilikuwa na upande mmoja tu, na pembe yenye tarehe ilikuwa imechanika. Nilipoigeuza karatasi yenyewe nilikuta nyuma yake jibu la mtendaji wa kijiji lililoandikwa kwa kalamu ya wino, lenye muhuri, na tarehe ya 14 Juni 2011, yaani mteja alikuwa bado akivuna shamba hilo miaka minne baada ya ule mwaka 2007 uliodaiwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilizipeleka nyaraka kuskaniwa kwenye duka la stesheneri bila kusema kwamba kila karatasi iskaniwe pande zote mbili, na zilipopita katika skana upande mmoja nilizipokea nikashukuru. Programu haikujua kwamba kuna upande wa nyuma, wala isingeweza kujua. Iliniwekea tu mbele ya macho nyaraka zilizopungukiwa na kitu, na katika folda zangu za zamani barua ile ingeendelea kulala kwa jina la "skani ya 233" mpaka hukumu.

Baada ya hapo niliongeza desturi nyingine. Kwa kuwa mahakama na mabaraza huhitaji waraka halisi, na nakala hukubaliwa kwa masharti maalumu, nilianza kuutumia ule uwanja ambao watafiti huandikia mahali kitu kilipo katika hifadhi ya nyaraka. Kwangu huandikwa namba ya boksi na namba ya bahasha. Siku ya kusikilizwa, shahidi alipofikia kuitaja barua, waraka halisi ulipatikana kabla mwenyekiti wa baraza hajainua kichwa. Ukapokelewa, kisha ukasomwa kwa sauti, kwa mpangilio ambao Mahakama ya Rufani iliuweka katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake dhidi ya Jamhuri la mwaka 2003.

Mipaka ya programu ni lazima ielezwe. Haisomi maandishi yaliyo katika picha. Ukiingiza skani tupu, utafutaji wa maneno ndani ya waraka hautaleta chochote, hivyo ninazipitisha kwanza katika Tesseract, programu nyingine ya bure inayotambua maandishi na yenye data ya Kiswahili. Kwa barua zilizopigwa taipu matokeo ni mazuri, ila mwandiko wa mkono wa makatibu wa vijiji huishinda kabisa, nami sithubutu kuilaumu, maana mwingine hunishinda hata mimi. Pia Zotero haitunzi kumbukumbu kamili ya nani alifungua au kubadili nini na lini, kwa hiyo haiwezi kutegemewa kuthibitisha uhalisi wa rekodi za kielektroniki chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015.

Hifadhi ya mtandaoni ya bure ni megabaiti 300, ambazo boksi letu la kwanza peke yake lingezimaliza. Sisi tumezima usafirishaji wa mafaili tangu mwanzo kwa sababu isiyohusu ukubwa: siri ya mteja ni ya mteja, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hatukutaka nyaraka zake zikae katika seva za nje ya nchi. Kila Ijumaa baada ya swala ninaifunga programu, ninanakili folda yake yote kwenye diski ya nje, na diski inaingia kabatini. Utaratibu huo una gharama yake, kwani mimi na wakili hatuwezi kulifanyia kazi jalada moja kwa wakati mmoja tukiwa katika kompyuta mbili. Ofisi yenye mawakili watano ingeona adha hiyo mapema sana.

Kitu kimoja bado ninakifanya kwa mkono. Matukio ya kesi ninayachora katika karatasi ya manila, miaka ikiwa mstari mmoja mrefu na namba za vielelezo chini yake, kisha ninaibandika ukutani nyuma ya meza ya Mzee. Ile ya kesi ya machungwa haijateremshwa, kwa kuwa walioshindwa walikata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 zinazoruhusiwa, na hapo kwenye Juni 2011 Mzee amezungushia duara la wino mwekundu.