TERMIUM Plus kwa Kifaransa cha matanga na usukani: uzoefu wangu hapa Kigoma

Nianze na jibu, maana wengi ndilo mnalolitafuta. Kama una kitabu cha boti cha Kifaransa na unatakiwa ukitoe kwa Kiingereza, TERMIUM Plus itakufaa kuliko programu yoyote ya simu niliyowahi kuitumia. Ni ya bure, haikulazimishi kujiandikisha, na inajua kutofautisha usukani na zafarani. Ila haitafsiri sentensi, na kuna mahali pamoja, kwenye amri za usukani, ambapo hata yenyewe haitoshi. Hapo nitakaa kidogo.

Kwa asiyeijua, hii ni benki ya istilahi ya serikali ya Kanada, inatunzwa na ofisi yao ya tafsiri. Nchi ile inaandika kila kitu kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo wamelazimika kukusanya maneno ya kazi zote, za meli zikiwemo.

Mimi nashughulika na makaratasi ya vyombo kwenye karakana moja hapa mjini. Kifaransa kwetu si kitu cha mbali: Bujumbura iko kaskazini hapo, Uvira na Kalemie ng'ambo ya ziwa, na chombo kikinunuliwa huko huvuka na vitabu vyake. Vingi huwa vya injini, na hivyo havinisumbui, pistoni ni pistoni. Safari hii ikaja boti ya tanga, ya faiba, kazi ya Ufaransa, iliyokaa Bujumbura miaka mingi. Kitabu chake kinene, Kifaransa mwanzo mwisho. Mnunuzi akataka Kiingereza, kwa sababu mkaguzi na mtu wa bima wote wanasoma Kiingereza.

Mtaniambia, si ungeshuka Kibirizi ukamtafuta Mrundi au Mkongo akusomee? Wapo, na Kifaransa chao kizuri. Lakini Kifaransa cha shule hakina matanga ndani yake. Jamaa yangu mmoja wa Uvira, mwalimu kabisa, alifika kwenye "choquer l'écoute" akaweka kitabu chini akacheka.

Basi nikaanza na programu ya simu, ile ya kupiga picha ukurasa. Jina lake nalihifadhi. Maelezo ya kawaida iliyamudu vizuri tu: tarehe, vipimo, rangi, namna ya kuosha faiba. Ilipofika kwenye matanga ikapotea njia. "Choquer l'écoute" ikawa kitu kama kulishtua sikilizo. "Abattre" ikawa kuchinja. "Vent debout" ikawa upepo uliosimama wima. Na kwenye ukurasa wa ukaguzi ikaandika kwa Kiingereza safi kabisa kwamba kabla ya kila safari ukague "saffron". Mnunuzi akaniuliza kama boti imekuja na jiko la pilau.

Ukweli wa maneno hayo ni huu. "Écoute" ni kamba inayolivuta na kulilegeza tanga. Wazee wa majahazi wanaiita demani, Waingereza wanaiita "sheet", na "choquer" ni kuilegeza, kwa Kiingereza "ease the sheet". "Abattre" ni kugeuza omo, yaani mbele ya chombo, kuuacha upepo, "bear away". "Vent debout" ni upepo wa mbele, "headwind". Nayo "safran" ni ubao wenyewe wa usukani ulio majini, "rudder blade". Ni kweli pia ni zafarani; Mfaransa ana neno moja kwa vyote viwili.

Hapo ndipo TERMIUM inapokuwa na faida. Unaandika neno moja, unachagua unatafuta kwa lugha gani, inakuletea kadi. Kiingereza upande mmoja, Kifaransa upande wa pili, na juu ya kila kadi imeandikwa neno hili ni la fani gani. Likiwa na maana nyingi zinakuja kadi nyingi, unazipita za mapishi na za dawa mpaka ufike kwenye vyombo vya majini. Kadi nyingi zina ufafanuzi, na ule ufafanuzi ndio unaokuokoa, kwa sababu unausoma na kukiangalia kitu chenyewe kilichoko mbele yako.

Usukani wa boti hii ulinipa kazi kuliko matanga. Kitabu hakisemi "usukani" jumla jumla, kinataja kila kipande. "Gouvernail" ni mtambo mzima. "Mèche" ni shafti inayosimama na kuubeba ule ubao, Kiingereza "rudder stock"; programu ya simu ilisema ni utambi wa taa. "Barre franche" ni kana, ule mkono anaoushika nahodha, "tiller". "Barre à roue" ni gurudumu. "Drosse" ni waya unaotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye usukani. Nikamsomea fundi: kagua kama "mèche" inacheza. Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo. Akaukumbatia ubao kwa mikono miwili, akautikisa kulia na kushoto, shafti ikawa inagonga ko-ko ndani ya bushi. Akasema, "Kumbe ndicho kitabu kinachosema? Bushi imekwisha hii." Kwa utambi wa taa tusingefika hapo.

Sasa amri. Kitabu kina kurasa za kumfundisha mgeni kuendesha, na zimejaa "barre à gauche", "barre à droite". Tafsiri nyepesi ni "usukani kushoto", "usukani kulia", na programu zote zinaipatia bila shida. Nilimpigia simu mzee mmoja wa Ujiji aliyeendesha vyombo vya tanga ujanani, nikamwamkia, nikamsomea. Akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, huyo Mfaransa anataka nisukume kana kushoto, au chombo kiende kushoto?"

Swali hilo si la uzee. Kila dereva wa boti hapa anajua kwamba ukisukuma mkono wa injini ya nyuma kushoto, boti inakwenda kulia. Kana ni hivyo hivyo. Gurudumu ni kinyume chake, chombo kinafuata unakozungusha. Zamani meli za Uingereza ziliendeshwa kwa amri za kana hata pale kana ilipokuwa haishikwi tena na mtu: amri iliyotolewa kwenye Titanic mwaka 1912 ilitaja "starboard", yaani kulia, na meli ikageuka kushoto, kama ilivyokusudiwa. Utaratibu huo ulifutwa Uingereza mwaka 1933, amri ikawa upande ule inakokwenda meli. Leo kuna misemo sanifu ya mawasiliano ya majini iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 2001, na mshika usukani anatakiwa kuirudia amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza: "Port ten", "Midships", "Steady".

Kitabu cha boti ndogo hakijali misemo hiyo. Chetu kilisema "barre" kikimaanisha mkono wenyewe kwenye sura moja, halafu kwenye sura ya gurudumu neno lile lile likawa mwelekeo wa boti. Kadi ya istilahi haiwezi kukwambia mwandishi alikuwa anawaza nini kwenye mstari wa tatu. Nilichofanya ni kuangalia michoro, kisha kila amri nikaiandika kwa Kiingereza kwa urefu: sukuma "tiller" kushoto, omo itakwenda kulia. Ukurasa ukarefuka, mkaguzi hakulalamika.

Pande za chombo zenyewe ni rahisi. "Bâbord" ni kushoto, "port", taa nyekundu. "Tribord" ni kulia, "starboard", taa ya kijani. Wafaransa wanakumbuka kwa neno "batterie", betri, linalotamkwa kama "batri": "ba" iko kushoto, "tri" iko kulia. Nimewafundisha vijana wa karakana, wameipenda kuliko maelezo yangu yote.

Kasoro zipo. Vitenzi vya matanga TERMIUM inavimudu kwa shida zaidi kuliko majina ya vifaa. Mengine nililazimika kuyatafuta kwenye kamusi kubwa ya istilahi ya Quebec, ambayo nayo ni ya bure ila maelezo yake ni ya Kifaransa, kwa hiyo kama hukijui kabisa utakwama. TERMIUM inahitaji intaneti muda wote, ingawa kurasa zake ni maandishi matupu na hazili bando sana. Kiswahili hakimo. Demani na kana niliyatoa kwa yule mzee, na bila yeye ningekuwa na Kiingereza kizuri ambacho fundi wangu hakielewi.

Mtafsiri wa kulipwa je? Nilimuulizia mmoja wa mjini. Alitaka kulipwa kwa ukurasa, sawa, lakini nilipomuuliza "drosse" ni nini akasema ataangalia kwenye simu. Nikamshukuru. Kama ni mkataba wa mauziano au karatasi ya mahakama ningempa bila kusita.

Kwa hiyo: picha za simu kwa kurasa za maelezo ya kawaida, TERMIUM kwa kila jina la kifaa, na mtu aliyewahi kushika kana kwa kurasa za kuendesha. TERMIUM naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vitenzi vya matanga.